Uliposimama kwa Jina Langu

Mishamo, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Lidia,

Amani ya Bwana ikukute salama hapo Nsemulwa mjini Mpanda, kwenye chumba changu, kwenye kitanda changu. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, miguu tu inamsumbua na hii mvua. Mwanao mkubwa Odile ameanza darasa la tatu. Ines alikulilia siku tatu, siku ya nne akasahau, sasa analala na mimi na kunipiga mateke mbavuni. Mumeo Anicet bado yuko Ikola kwenye dagaa. Jirani alimwona, anasema amenenepa.

Kidonda cha operesheni kinafunga vizuri. Daktari alisema miezi mitano nisinyanyue kitu kizito, basi hata ndoo nusu mama ananinyang'anya. Naandika kwa kalamu kwa sababu ukitaka mtandao huku lazima upande kwenye kichuguu, na juu ya kichuguu kuna watu wengine sita wanasubiri mtandao na kusikiliza. Mambo yetu si ya kichuguuni. Gratien anakuja Mpanda na maharage kwenye pikipiki karibu kila wiki, barua zetu atazibeba yeye.

Sasa sikiliza. Kazi ile nimeiombea miaka miwili, unajua. Nimekaanga maandazi miaka miwili nikipita mbele ya geti la shule ile ya bweni nikisema, Bwana, niingize humu jikoni. Siku jina langu linaandikwa ubaoni, wiki hiyo hiyo natakiwa kupasuliwa. Na waliandika asiyeripoti tarehe 22 nafasi anapewa mwingine. Ndiyo maana nilikuambia pale pale wodini, nenda wewe, sema ndiyo wewe Marta Ndayisenga, uso wangu hawaujui. Jina nimekupa mwenyewe kwa mdomo wangu. Lakini nimekupa kushika, sijakupa kubaki nalo.

Kanisa la karibu na geti la shule, sijawahi kusali humo, lina kikapu cha maombi mlangoni. Andika karatasi uweke Jumapili. Usiandike "dada yangu", madada wako wengi. Andika jina kamili: Marta Ndayisenga, mgonjwa, kazi isimpotee. Mama Yustina, kiongozi wa wanamaombi, hatujawahi kuonana lakini nasikia maombi yake hayarudi bure.

Na nikuombe kitu kingine, usicheke. Usipike vizuri kupita kiasi.

Dada yako,
Marta


Nsemulwa, 20 Februari 2024

Dada yangu mpendwa Marta,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Nashukuru kusikia kidonda kinafunga. Mimi ni mzima, mikono tu imeungua kwa mvuke. Msalimie sana mama, mwambie aache kulima matuta peke yake. Nibusie Odile na Ines. Kwamba amesahau siku ya nne, ungeweza usiniandikie.

Kazi ipo, usiwe na presha. Tunapika kwa watoto mia tatu. Sufuria la makande linanifika kiunoni, na mwiko wake ni kama kasia la mtumbwi. Tunaamka mapema, tunachambua maharage, tunasonga ugali wawili wawili maana mmoja hawezi. Matron Lucia ni mkali ila si mbaya. Jana aliwaambia wenzangu, mtazameni Marta anavyopanga kuni, moshi hauwaumizi macho. Niligeuka nyuma kutafuta Marta, halafu nikakumbuka.

Karatasi niliweka kikapuni kama ulivyosema, jina kamili. Mama Yustina aliomba kwa nguvu sana, kanisa zima liliitikia. Hapo hakuna cha zaidi cha kusema.

Kupika vibaya sijui, dada. Mama ndiye aliyetufundisha wote wawili.

Mdogo wako,
Lidia


Mishamo, 17 Machi 2024

Lidia,

Huku wazima. Mama mzima, watoto wazima. Mahindi yamebeba.

Hakuna cha zaidi cha kusema, ee? Gratien amesema. Hakusema kwa ubaya, alikuwa ananipa habari njema. Alikuja kanisani Jumapili ile kukuuliza kama una barua ya kunijibu, akasimama mlangoni na helmeti mkononi, akaona yote. Kikapu kilimwagwa mezani. Mama Yustina akasoma, "Marta Ndayisenga! Yuko wapi Marta? Asimame!" Na wewe ukasimama.

Ukasimama, Lidia! Wakakuleta mbele. Wakakuwekea mikono, wamama saba, Gratien aliwahesabu. Wakakupaka mafuta kichwani. Wakasema kazi hii haitatoka mikononi mwa binti huyu, na wewe ukaitikia Amina. Mimi ndiye mwenye mshono tumboni. Mimi ndiye nilikuwa nimelala huku nikiangalia bati, nikijiambia, saa hizi wananitaja.

Kwetu Warundi hata watoto wa tumbo moja hawachangii jina, kila mmoja baba alimpa lake. Mimi alinipa Ndayisenga, ninayemwomba Yeye. Wewe ukapewa Nizigiyimana, ninayemtumaini Mungu. Basi ungemtumaini ukiwa umekaa! Nilikupa jina uingie nalo jikoni. Nani alikuambia uingie nalo mbele za Mungu?

Nimeona wivu mpaka chakula kimenishinda. Nakuambia wazi maana sitaki uambiwe na Gratien. Naona wivu wa mikono ya wamama wale saba. Naona wivu hata wa moshi usiokuumiza macho.

Mama anasema Mungu hakosei mtu hata kama wanadamu wamekosea jina. Mama hajawahi kutafuta kazi.

Marta


Nsemulwa, 2 Aprili 2024

Dada Marta,

Shikamoo. Pasaka tumeila salama, natumaini na nyie. Barua yako ilinikuta natoa majivu. Niliisoma mara tatu nikachelewa kupeleka uji.

Ulitaka nifanyeje? Benchi la nyuma yangu alikuwa amekaa Kabula, mpishi mwenzangu, anayenijua kwa jina moja tu. Mama Yustina anaita Marta, Kabula ananisukuma begani, "We Marta, unaitwa!" Ningekaa, angesema kwa sauti, huyu si ndiye Marta? Na kesho yake matron angejua, kazi ingeisha siku hiyo. Nilisimama kwa ajili ya kazi yako. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Lakini umesema wazi na mimi niseme wazi. Mikono ile ilipokaa kichwani kwangu nilisikia raha. Mimi hakuna aliyewahi kuniita mbele kwa jambo lolote. Tangu tukiwa wadogo ni Marta kafaulu, Marta kaenda mjini, Marta katuma kitenge. Lidia ni wa kuzaa na kulima. Nilipofungua macho wamama wale walikuwa wanalia, wananililia mimi. Sikutaka kwenda kukaa.

Na wewe usijifanye umenyimwa peke yako. Gratien ana mdomo pande zote mbili. Ameniambia mama amekuchinjia kuku wa tatu. Mimi nimezaa mara mbili kwenye nyumba ile, sijachinjiwa hata mmoja, nilipewa mchuzi wa maharage. Na ameniambia Ines anakuita mama. Anapaswa kukuita mama mkubwa, wewe ni dada yangu. Hilo "mkubwa" amelitupa wapi, na nani amemwacha alitupe?

Kuna habari. Mwezi wa saba wapishi wote wanasaini mkataba wa kudumu. Kila mtu aje na kitambulisho cha NIDA, chenye picha. Dada, siku utakayokuja mimi nitakuwa nani na wewe utakuwa nani? Nakuuliza kwa kuwa usingizi hauji.

Lidia


Mishamo, 28 Aprili 2024

Lidia,

Salamu. Mama ni mzima, miguu imepungua kuvimba. Tumevuna maharage, Odile alisaidia. Ines alikuwa na homa, imeisha. Alinishika shingo mchana kutwa hataki kushuka, na daktari amekataza nisibebe. Nilimbeba.

Ndiyo, ananiita mama. Sijamfundisha. Sijamkataza pia. Usiniulize zaidi, na usiniulize daktari alinieleza nini siku ile alipowatoa nyote wodini. Uvimbe ulitoka, hiyo inatosha.

Hilo swali lako la nani atakuwa nani, unajua jibu lake, unalizungusha tu. Kitambulisho kina picha yangu. Utaondoka tarehe 30 Juni, mimi nitafika tarehe 1, na matron akisema mbona umebadilika nitasema nilikuwa mgonjwa, nimekonda. Watu hubadilika. Kama unaona ni ujinga basi wewe mwenye akili nitafutie njia, lakini njia yenye mimi ndani ya jiko lile na wewe nje.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mama. Tulifunga siku tatu hapa kanisani, na mimi nilifunga. Wengine waliombea mvua na ndoa. Mimi nilisema, Bwana, kama kazi ile haiwi yangu, basi isiwe ya mtu. Ifunge kabisa. Nilisikia aibu, lakini ombi sikulifuta. Unapokoroga sufuria lile ujue kuna mtu huku anaomba hivyo.

Nijibu upesi.

Marta


Nsemulwa, 6 Mei 2024

Dada yangu Marta,

Bwana Yesu asifiwe. Nashukuru sana kwa kumbeba Ines, ingawa ulikatazwa. Homa yake ilinifanya nichome ugali, wa kwanza tangu nifike.

Naandika haraka maana habari ni kubwa. Nimemwambia matron. Ijumaa nilimfuata stoo akihesabu magunia, nikapiga magoti kwenye pumba nikasema, mimi si Marta. Nikasema yote. Wewe, ubao, operesheni, tarehe 22. Nilisema mimi na dada yangu tulikubaliana, hakuna aliyemwibia mwenzake. Aliendelea kuhesabu magunia hadi la mwisho.

Halafu akasema hivi, nakuandikia maneno yake: "Nimedanganywa na watu wawili. Mmoja yuko hapa ameomba radhi. Namtaka wa pili. Aniandikie kwa mkono wake, aeleze ilivyokuwa, aombe radhi. Akiandika ukweli, Julai nafasi ni yake. Jina lililokuwa ubaoni ni lake."

Ndiyo njia uliyoitaka, dada. Wewe ndani, mimi nje. Andika tu ukweli, hata ukurasa mmoja, umpe Gratien. Mimi nitarudi kwa watoto wangu na jembe langu.

Nililia stoo. Matron alidhani ni toba.

Lidia


Mishamo, 13 Mei 2024

Lidia,

Mama anakusalimia. Watoto wazima.

Gratien amekuja mikono mitupu tangu nikuandikie mwezi uliopita. Nilikuambia nijibu upesi. Nilimwuliza kama umeumwa, akasema hapana, umependeza, umeshonesha sketi mpya, Jumapili umepangwa kusoma somo mbele. Umepangwa kwa jina gani?

Basi nimeelewa. Mtu anayenyamaza ana kitu mdomoni. Umeamua kukaa, unasubiri Julai ukatengeneze kitambulisho kipya, au sijui mpango gani mnaupanga na hao wamama zako saba.

Usiseme sikukuambia. Gratien anapokupa hii anayo nyingine ya Matron Lucia. Nimemwandikia kwamba aliye jikoni kwake ameiba jina la mgonjwa. Nimeandika ulijiandikisha kwa hila mimi nikiwa nimelala na dawa ya usingizi, sijui lolote. Ndiyo, najua nilichokisema wodini. Nimeandika hivyo hivyo.

Marta


Nsemulwa, 20 Mei 2024

Dada Marta,

Natumaini mama na watoto wazima.

Barua yangu ya tarehe 6 umeshaipata sasa, umeisoma, umejua. Sijui ulikuwa umekaa au umesimama. Gratien alifika Jumatano asubuhi na barua zako mbili, akaondoka mchana na hiyo yangu. Zote zilisafiri kwenye begi moja.

Matron aliniita ofisini akiwa anatabasamu. Alisema, barua ya dada yako imefika, njoo tusome wote. Akaanza kwa sauti. Alipofika kwenye neno "ameiba" sauti ilishuka, lakini alimaliza hadi saini. Akaniuliza, ni kweli? Ulifanya haya yeye amelala?

Ningeweza kunyamaza. Ningenyamaza ningefukuzwa, na labda wewe ungepata. Nakiri, dada, nilifikiria. Halafu nikaenda chumbani nikachukua barua yako ya Februari, ile uliyosema jina nimekupa mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaiweka mezani kwake.

Aliziweka mbili pamoja, mwandiko mmoja. Akasema mtu anayeweza kumwandikia hivi ndugu yake, yeye hawezi kumkabidhi chakula cha watoto mia tatu. Akafuta jina ubaoni kwa kitambaa, akaandika Lidia Nizigiyimana. Wenzangu wakaambiwa. Kabula hajui aniite nani, ananiita "wewe".

Sasa na mimi nikuambie langu, kwa sababu sitaki uamini umejimaliza peke yako. Barua ya tarehe 6 niliimaliza tarehe 6. Gratien alipita tarehe 7, alinikuta nyumbani, akaniuliza una mzigo wa Mishamo? Nikasema sina. Ilikuwa chini ya godoro. Ilikaa siku tisa. Kila siku nilisema kesho. Nilitaka siku chache zaidi za kuitwa Marta. Sikujua unaandika nini, lakini ningeituma siku ile ile usingeandika.

Nimekubali kazi. Sitajifanya nimelazimishwa. Ninaomba watoto waletwe shule zikifunga, Anicet amesema atatukuta hapa. Odile na Ines wote.

Lidia


Mishamo, 10 Juni 2024

Mdogo wangu Lidia,

Amani ya Bwana. Mama ni mzima. Alisomewa barua zako zote mbili, nilimsomea mimi mwenyewe bila kuruka neno, siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akanipa chai.

Barua yako ya tarehe 6 ilinikuta nimekaa. Niliisoma nikatoka mbio barabarani na mshono wangu, kana kwamba Gratien bado yuko kona, na alikuwa amempa matron tangu asubuhi ya jana yake. Nilikaa hapo kwenye vumbi mpaka Odile akaja kunichukua.

Siku tisa zako nimezisikia. Nilifurahi kuzisikia, nikaona angalau na wewe ni mchafu. Halafu furaha hiyo ikaisha, haikuchukua hata nusu saa.

Nitakuambia alichosema daktari. Uvimbe haukutoka peke yake, walitoa na mfuko wa uzazi. Sikukuambia kwa kuwa wewe ndiye mtu wa kwanza ambaye nisingependa ajue. Uliingia wodini umembeba Ines mgongoni, unatafuna muhogo, na mimi nimetoka kuambiwa. Nilisema moyoni, sawa, ana watoto, mimi nina kazi. Hesabu yangu ilikuwa hiyo. Kisha ukawa na vyote viwili, na waliokuombea uvipate wametumwa na mimi.

Watoto watafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, Odile atakaa dirishani, Ines atapakatwa na Mama Melkior wa jirani. Ines nimemfundisha wiki nzima kusema mama mkubwa. Anajua sasa. Anasema vizuri, halafu ananiangalia kama nimemkosea. Ana kikohozi kidogo cha vumbi, mpe maji ya uvuguvugu. Usimfungie kitambaa cha bluu, anakichukia.

Chumba kaa nacho. Mimi nitabaki kwa mama, kidonda kikikomaa nitakaanga maandazi hapa sokoni.

Jana Jumapili, mchungaji aliuliza nani ana hitaji. Nilinyanyua mkono. Nilisema, nina mdogo wangu Mpanda anaitwa Lidia Nizigiyimana, ni mpishi, kazi isimpotee. Wakaniambia nimwombee mwenyewe kwa sauti. Nimekuombea. Sikuomba kwa furaha, sikudanganyi, wivu nilikuwa nao bado, na jina lako nililianza upya mara mbili. Nilimaliza hivyo hivyo nao.

Dada yako,
Marta Ndayisenga